Wifi Haloo na Mbwa Asiyebweka

Kwanza niseme wazi: mimi na wifi yangu hatukuwahi kuwa marafiki. Si kwamba tuligombana. Kugombana kungekuwa afadhali, maana watu wakigombana angalau wanafuatana kuambiana ubaya. Sisi tulisalimiana vizuri, tukachekeana meno nje, kisha kila mtu kwake. Yeye ndiye dada pekee wa mume wangu, amemtangulia kwa miaka minne. Hakuolewa, hakuzaa, na kwa miaka thelathini na moja amekaa kwenye chumba kimoja cha chini kabisa cha hospitali kubwa, anapokea simu.

Kazini wanamwita Haloo. Chumba chake hakina dirisha. Kina meza, mashine ya kuunganishia simu yenye vitufe na vitaa, feni, kalenda, na kiti alichokikalia mpaka sponji imechukua umbo lake. Anavaa hedifoni saa moja asubuhi, anavua saa kumi na moja jioni. Ukipiga simu pale utampata yeye. Na sauti yake, nisiwe mnafiki, ni nzuri: nzito kidogo, haina haraka, mtu mwenye mgonjwa akiisikia anashusha pumzi. Madaktari wote wanaijua. Sura yake ndiyo hawaijui. Siku moja nilikwenda naye kantini ya pale kazini, na mbele yetu kwenye foleni alisimama daktari mmoja wa mifupa, bonge la mtu. Wifi akamwambia, "Samahani daktari, umeangusha kitambulisho." Yule bwana akageuka kama amechomwa sindano. "Haloo! Kumbe ndiye wewe?" Akampima kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Mimi siku zote nilidhani wewe ni mrefu." Wamezungumza kila siku kwa miaka tisa hao! Wifi akacheka. Mimi nilikasirika kwa niaba yake, akanishangaa nakasirikia nini.

Kazi ile ina sheria yake, aliyofundishwa na mama aliyemtangulia kwenye kile kiti: usisikilize maneno ya watu. Msikilize mtu. Jua ana hofu kiasi gani, anasema kweli au anazuga, mwambie "sawa, nimekupata, subiri", muunganishe, halafu funga masikio. Anayeanza kufuatilia habari zenyewe hamalizi mwaka, atakuwa analia kila siku. Basi wifi yangu akawa bingwa wa sauti. Mwongo anamjua kabla hajamaliza kujitambulisha, na wauza bima walishamkatia tamaa. Lakini muulize huyo mtu alisema nini hasa, atakutumbulia macho.

Mimi nina duka la dobi. Jumamosi moja nilikuwa napiga pasi suti ya bwana harusi, mvuke umenijaa usoni, akaingia na pochi yake kaibana kwapani.

"Wifi," akasema, "nataka kununua mbwa."

"Nunua."

"Bei yake ni mishahara mitano."

Nikaweka pasi chini. "Mishahara mitano ya nani?"

"Yangu."

Jamani! Mimi ninayesubiri mtu alete shati moja ndipo nimalizie kodi! Nikamwambia fundi seremala wa mtaa wa pili anagawa watoto wa mbwa bure, na ukimwomba vizuri anakuongezea na boksi la kumbebea. Akatoa kwenye pochi karatasi mbili alizochana kwenye gazeti la chumba cha kusubiria wagonjwa. Picha ya mbwa mdogo mwekundu, mkia umejikunja mgongoni, uso una mikunjo kama mtu anayefikiria deni. Aina adimu, akaniambia, wako wachache sana, na hawabweki. Hawabweki kabisa.

"Sasa mbwa asiyebweka wa nini? Si utanunua kochi tu?"

"Wa bure atabweka, nitadhani ni simu," akasema. "Nitaamka nipokee."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye akatabasamu, kisha akawa anakunja zile karatasi polepole, na bila kuniangalia akasema, "Wifi, mimi nikifika nyumbani nafungua mlango nasema, 'Nimerudi.' Kila siku nasema. Nataka siku moja kuwe na kitu kitakachogeuza shingo."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeacha suti ya watu na kumkumbatia mwenzake. Mimi nikasema, "Basi si uolewe, utapunguza gharama." Nikachukua pasi yangu nikaendelea. Maneno hayo bado yananiuma, na yaniume tu.

Mfugaji wa hao mbwa alikuwa anakaa mbali, safari ya saa mbili na nusu kwa gari. Walizungumza kwa simu, na simu ya mwisho, ile ya kukubaliana, wifi aliipokelea pale pale dukani kwangu. Alikaa kwenye kigoda katikati ya nguo zilizotundikwa, akafumba macho kama anavyofanya kazini. Mtu wa upande wa pili aliongea, akaongea, akaongea. Nusu saa nzima. Wifi anaitikia tu: "Sawa. Nimekupata. Sawa. Sawa kabisa." Mimi namkonyeza. Akakata simu, uso umenawiri.

"Mkweli," akasema. "Yule baba hajawahi kumdanganya mtu."

"Unanunua mbwa au unamnunua mfugaji?"

"Mwone!" Akanitupia hanga.

Mkataba ulikuja kwa posta, kurasa nne zimebanwa pamoja. Aliusaini juu ya kaunta yangu, kwa kalamu yangu ninayoandikia namba za nguo. Nikamwambia, soma kwanza. Akasema ameshaelezwa yote. Na mimi, ninayejidai kupekua mpaka mifuko ya suruali za wateja, sikunyoosha hata mkono nikaangalia ukurasa mmoja.

Pesa ile ilikuwa akiba yake ya uzeeni. Kuna kiwanja kidogo alikuwa analipia kidogo kidogo, ajenge vyumba viwili akistaafu. Alikirudisha kwa mwenyewe. Mume wangu, ambaye ni mpole kiasi kwamba ghalani anakosimamia makuli wanamchezea shere, siku hiyo alipandwa na hasira sijawahi kuona. "Dada ameuza paa lake kwa sababu ya mbwa!" Akasema hatakanyaga kwake. Nikajiuliza kimoyomoyo, kwani lini ulikanyaga? Sisi tulikuwa tunampigia wifi mtoto akiugua. Mtafutie daktari. Muulizie kitanda. Ulizia majibu ya kipimo yametoka. Alifanya yote, hakuchoka, na tukishapata tulichotaka tunasema ahsante wifi, kisha tunakaa miezi mitatu. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mbwa akaja. Jike, miezi mitatu, rangi ya sufuria ya shaba iliyosuguliwa, kwa hiyo akaitwa Shaba. Kweli habweki, lakini si bubu. Akifurahi anatoa mlio wa ajabu, unapanda na kushuka kama mtu anayejifunza kuimba bafuni. Anajilamba miguu kama paka. Anapenda kulala juu ya kitu chenye joto, na kwenye ghorofa alikopanga wifi vyumba ni viwili na kitu chenye joto ni wifi mwenyewe, basi analala juu yake.

Ndipo tukajua kwamba ile mishahara mitano ilikuwa ada ya kuingilia tu. Chanjo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Daktari wa mifugo wa kawaida akasema aina hiyo hajawahi kuishika, figo zao zina mambo yake, mpeleke kwa mwenzangu. Mwenzake huyo anatoza mpaka salamu. Nyama ya namna fulani, iliyochemshwa namna fulani. Mwenye nyumba akataka amana ya ziada, na alikuwa na haki, maana Shaba alikuwa na meno. Mwezi wa pili alitafuna mlango wa chumbani kuanzia chini mpaka kwenye kitasa. Fundi akaweka mpya, akautafuna. Akala mguu wa meza, akala zulia, akala viatu vya kazini vya kushoto vyote, vya kulia akaviacha. Wifi akawa anashinda kule chini amevaa viatu vya wazi. Ananisimulia huku anacheka machozi, na mimi nahesabu kichwani kwamba huyu mtu sasa anakula mlo mmoja.

"Anafanya hivyo saa ngapi?" niliwahi kumuuliza.

"Nikiwa kazini. Nikiwepo ni malaika."

Tukaliacha hapo hapo. Tulikuwa tunaongelea bei ya mlango.

Lakini lazima niseme na hili. Wifi alibadilika. Zamani ukimwona saa kumi na moja jioni anatoka kazini kama mtu asiye na safari. Sasa anatoka mbio, mkoba unampigapiga kiunoni. Watu wa mtaani wakaanza kumsimamisha kuuliza huyo ni mnyama gani, akawa na la kusema na watu wasio na wagonjwa. Na jioni moja akanipigia simu. Sikumbuki kama alishawahi kunipigia bila sisi kuanza. Nikaogopa, nikadhani kuna msiba. "Wifi, subiri, usiseme kitu, sikiliza," akasema, na nikasikia kitasa kinafunguliwa, na yeye mwenyewe kwa mbali anasema, "Nimerudi," na ule mlio wa Shaba ukapanda na kushuka, ukapanda na kushuka, mpaka simu ikawa inakwaruza. "Umesikia?" akaniuliza, anahema. Nikamwambia nimesikia, ila nina mteja. Sikuwa na mteja.

Karibu miaka miwili ikapita hivyo. Ndipo Jumapili moja akaja kwangu asubuhi, hajachana nywele, Shaba kamshika mikononi kama mtoto mchanga.

"Anamtaka," akasema.

"Nani?"

"Mfugaji. Amepiga. Anasema wakati umefika."

Ilinichukua dakika kumi kumwelewa, na nilipomwelewa damu ilinichemka. Nikamwambia alete huo mkataba. Aliuleta, nikauweka kwenye meza ya pasi, nikausoma kwa kidole mstari kwa mstari. Ukurasa wa tatu, umeandikwa wala si kwa maandishi madogo, ulisema hivi: mbwa huyu ni wa watu wawili. Nusu ya mnunuzi, nusu ya mfugaji. Akifikisha miaka miwili atarudi kwa mfugaji, apandishwe, azae, anyonyeshe, miezi minne. Mwaka unaofuata hivyo hivyo, mara ya pili. Watoto wote ni wa mfugaji. Baada ya hapo ndipo atakuwa wa mnunuzi peke yake. Na kama mnunuzi hawezi kumtunza, haruhusiwi kumgawa wala kumuuza, anarudi alikotoka.

"Mishahara mitano," nikasema, "na ulinunua nusu mbwa!"

Sikungoja. Nikachukua simu nikampigia huyo mfugaji, nimejipanga. Nilikuwa nimeandaa neno mwizi, na neno tapeli, na mengine ambayo mama yangu hajui kama nayajua. Akapokea. Ile sauti! Nikaelewa. Sauti ya mtu anayekupisha ukae. Nikaishiwa nguvu katikati ya tapeli.

"Mama," akaniambia taratibu, "nilimweleza mara tatu. Nilimwambia aina hii tunauziana hivi, sote tunaowafuga, kwa sababu tumebaki nao wachache na damu ikipotea haipatikani tena. Nikamuuliza kama ameelewa. Akasema sawa, amenipata. Nikamuuliza tena. Akasema sawa kabisa."

Nikamgeukia wifi. "Alikuambia?"

Alikuwa amekaa chini sakafuni, Shaba kamlalia mapajani. "Labda aliniambia," akasema. "Mimi nilikuwa nasikiliza kama ni mtu mzuri."

Nilitaka kumpigia kelele. Midomo ilishajiandaa. Lakini mtu anakaa miaka thelathini na moja anafundishwa kutosikia maneno, halafu siku moja tu ya maisha yake maneno yanamhusu yeye, atajuaje? Nikamuuliza mfugaji kama anaweza kuuza hiyo nusu yake. Akasema hapana, si kwa pesa yoyote, na hakulisema kwa ubaya. Ndiyo hivyo. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe akamchukua Shaba nikiwa dukani. Wifi alimsindikiza mpaka garini na blanketi lake, akarudi juu, akaenda kazini akiwa amechelewa kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

Miezi minne hiyo ndiyo nilianza kwenda kwake. Mume wangu naye alikwenda mara mbili, akakaa dakika ishirini, akarekebisha bomba ambalo halikuwa bovu. Mimi nilikwenda kila Jumatano baada ya kufunga duka. Bakuli la Shaba lilikuwa limeoshwa. Wiki inayofuata nakuta limeoshwa tena, bado lina maji ya kuoshea.

"Wifi, hili bakuli linachafuka na nini?"

"Vumbi," akasema.

Alikuwa amepungua. Alikuwa anakubali zamu za wenzake, anatoka kule chini saa mbili usiku, na aliniambia bila hata kujionea huruma kwamba zamani, kabla ya Shaba, upweke ulikuwa kama ukuta wa nyumba: upo tu, huuoni. Sasa anauona. "Afadhali nisingemleta," akasema. Kisha akasema, "Mwongo mimi. Afadhali nilimleta." Alikuwa ameweka alama kwenye kalenda ya jikoni, anakata siku kwa kalamu nyekundu, na siku ya kumfuata Shaba aliizungushia duara mara tatu mpaka karatasi ikatoboka.

Siku hiyo nilifunga duka. Tulikwenda na gari langu la kusambazia nguo, kapu la Shaba tumeliweka nyuma chini ya mashati ya watu. Wifi alivaa gauni la maua na alikuwa anaongea bila kituo. Amepata mama wa kumtoa Shaba mchana. Amepata mlango wa bati. Akirudi safari ya pili, mwakani, ni miezi minne tu, halafu wake moja kwa moja. Nilimwona mzuri sana, nikamwambia, akaona haya.

Mfugaji alitupokea getini. Nilitegemea jitu, kumbe ile sauti ilikuwa inatoka kwenye kimtu chembamba, kimevaa ndala na kofia ya kurinia asali. Akatupeleka uani nyuma ya nyumba. Palikuwa na uwanja mpana wenye nyasi na kivuli, na mbwa kumi au kumi na wawili, wote wekundu, wamelala wamepandana, huyu kichwa tumboni kwa mwenzake, yule miguu hewani. Katikati yao Shaba na watoto wanne.

"Shaba," wifi akaita. Hakupaza sauti.

Mbwa aliruka juu ya wenzake wote. Nakwambia alikuja mbio mpaka akapitiliza, akageuka, akampanda wifi kifuani, na ule mlio, panda shuka, panda shuka, hadi wale wengine wakainuka na kuuitikia. Wifi alikaa chini kwenye nyasi na gauni lake la maua, analia na kulambwa. Na mimi nililia, sikatai. Nikajisemea, imekwisha, twende nyumbani.

Baada ya muda Shaba akatulia. Akamlamba wifi sikio mara ya mwisho, akarudi kwa wenzake, akajipenyeza pale katikati, akaweka kidevu mgongoni kwa mbwa mmoja mzee, akafumba macho.

Mfugaji akasema, "Watoto wameshaacha kunyonya. Anaweza kwenda leo."

Wifi hakuinuka. "Mchana anafanya nini hapa?"

"Mchana? Hivi unavyoona. Wanazunguka, wanalala. Hawa hawajui kukaa mmoja mmoja. Ndiyo asili yao."

"Na alipokuja?"

Mfugaji akavua kofia. Nadhani alikuwa anapima aseme au asiseme. "Wiki za kwanza alinitia wasiwasi," akasema. "Usiku alikuwa sawa. Lakini kila asubuhi, kama saa kumi na mbili hivi, alikuwa anakwenda kusimama mlangoni, anatetemeka mwili mzima. Anatetemeka, anatafuna mbao mpaka fizi zinatoka damu. Wenzake wakimwendea, haamini. Mwezi mzima. Kisha akaacha."

Saa kumi na mbili asubuhi ndiyo saa ambayo wifi alikuwa anafunga mlango kwenda kazini.

"Rudia," wifi akasema.

"Nini, dada?"

"Rudia ulivyosema. Yote. Nasikiliza."

Mfugaji akarudia. Wifi hakufumba macho. Alimwangalia mdomoni, neno baada ya neno, na nilimwona yanavyomwingia: milango miwili, mguu wa meza, viatu vya kushoto. Yale mambo tuliyoyachekea dukani kwangu.

Akageuka kumtazama Shaba pale alipolala. Halafu akasema, "Mbaki naye."

Nikaruka. "Wifi! Una haki yako! Imeandikwa!"

"Imeandikwa asiyeweza kumtunza amrudishe." Alisema kwa upole kabisa, kama ananiunganishia simu. "Nilimfungia chumbani saa kumi na mbili kila siku, wifi. Miaka miwili. Nikaja nikamwambia nimerudi, anafurahi, na mimi nikadhani ananipenda. Alikuwa ameogopa."

"Anakupenda," mfugaji akasema. "Hilo nakuhakikishia."

"Najua," wifi akasema. "Ndiyo maana."

Yule baba alitaka kumpa mtoto mmoja katika wale wanne, bure, bila mkataba wa nusu. Alikuwa mkweli, kama wifi alivyosema siku ile. Wifi akamshika kidogo, akamnusa kichwani, akamrudisha. "Nikamfungie wapi na huyu?" akauliza. Hakwenda kumuaga Shaba, kwa sababu alikuwa amelala. Alisimama mbali akamwangalia, akajipangusa nyasi kwenye gauni, akatangulia kwenye gari.

Tukarudi. Nusu saa ya kwanza mashati ya watu yaliyumba nyuma yetu, juu ya kapu tupu. Hasira zilikuwa zimenijaa na sikujua nimkasirikie nani. Mfugaji hana kosa, mbwa hana kosa, na huyu aliyekaa pembeni yangu ameachia mishahara mitano, kiwanja, na kitu kimoja kilichokuwa kinageuza shingo akifungua mlango. Nikaona nisipofanya jambo leo sitalifanya tena.

"Wifi," nikasema, "hamia kwetu. Simaanishi kutembelea, namaanisha kuhamia. Chumba cha watoto kiko wazi tangu waondoke, kitanda kipo, kaka yako atafurahi. Sitaki kusikia hapana."

Nililisema kwa moyo wote. Naapa nilimaanisha.

Akanigeukia. Aliniangalia kama alivyomwangalia mfugaji, mdomoni, anasubiri maneno yenyewe.

"Ahsante," akasema. "Mwakani nastaafu, sitakuwa na pa kwenda asubuhi. Kwenu mchana kuna nani?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Mimi natoka saa kumi na mbili kuwasha mashine, narudi giza limeingia. Mume wangu anatoka kabla yangu. Watoto wako mbali, wanapiga simu mwisho wa mwezi. Niliendesha mpaka tukapita daraja, tukapita kituo cha mafuta, yeye bado ananisubiri.

"Hakuna mtu, wifi," nikamwambia.